Samaki Hawakuwa Wamelewa

Feza mwanangu,

Mama yako yuko nyumbani anakufungia unga, chumvi na vitenge. Najua amekwisha kukuambia mara tano mahali pa kuficha karatasi zako pale mpakani Kasumbalesa, na watu wa kukaa nao mbali kwenye treni ya kutoka Zambia kwenda Dar es Salaam. Hayo namwachia yeye. Anayajua kuliko mimi, na akisahau moja atalikimbiza mpaka kwenye lori.

Mimi nakuandikia kutoka kazini, kwenye kibanda cha mlinzi, mchana huu, kwa sababu nyumbani ukinitazama nitaanza kusema mambo mengine. Karatasi hii ni ya zamu za zamani. Upande wa pili kuna majina ya watu waliokuwa wakiingia karakana hii asubuhi, mpaka mtu unasukumwa mlangoni. Sasa karakana imenyamaza. Tunalinda mashine ambazo nusu yake zimekwisha kubebwa, na waliozibeba tunasalimiana nao sokoni. Kwa hiyo usishangae baba yako kuwa mtu wa kushuku. Anayekuja hapa kwetu Likasi siku hizi na neno zuri mdomoni, kwanza namtazama mikono.

Nataka kusema juu ya ile barua ya kazi yako.

Mwalimu wako alipoileta, mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani wakaja kuuliza nani anaoa. Mimi pia nilifurahi, usifikiri sikufurahi. Mtoto wangu ataiona bahari, jambo ambalo sikuliona mimi wala baba yangu. Wahandisi wanaosema Kifaransa wanataka kuziba mdomo wa hori moja kusini mwa pwani ya Tanzania, pale bahari inapoingia kama mkono ndani ya nchi kavu. Watajenga ukuta wenye milango. Bahari ikijaa maji yaingie, ikipwa maji yatoke, na katika kuingia na kutoka yazungushe mashine za umeme. Wewe utawasomea watu wa hori karatasi za wahandisi kwa Kiswahili. Ni kazi safi. Hakuna moshi, hakuna makaa, na bahari haiishi. Ndivyo karatasi inavyosema.

Unakumbuka jana mezani nilivyokusumbua. Kifaransa changu kiliishia darasa la nne, nami nilitaka kusikia kila neno.

"Soma tena pale pa samaki."

"Papa, nimeshasoma mara tatu!"

"Soma ya ine."

Ukasoma. Kwamba mabadiliko kwa samaki, kwa mikoko na kwa matope ya hori yatakuwa madogo, ya kutojaliwa.

"Nani hatajali?" nikauliza. "Bale bainjeniere, ao bale benye samaki?"

"Papa, weye unaogopa kila kintu ya bazungu. Bahari iko mukubwa. Ule mulango njo kidogo tu."

"Na mto yetu ilikuwa kidogo?"

"Muache mutoto akule," mama yako akasema, akikusogezea ugali. "Bukari inapola. Weye na mito yako."

Tukacheka wote. Halafu ukasoma mstari wa mwisho, ule unaosema wanataka mtu wa namna gani: msomi kidogo, mwenye subira, ambaye wavuvi watamwamini, awezaye kupata kibali chao. Hapo niliacha kula. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo zamani, wewe ukiwa mtoto mdogo, kutoka kwa kapita, msimamizi wetu kwenye barazhi, ukuta wa kuzuia mto. Aliniambia mimi.

Unajua kwamba nilitoka Moba kijana, mtu wa ziwa, bila cheti chochote, nikapata kazi kwenye ule ukuta wa mto unaotoa umeme wa viwanda. Hujui kazi yenyewe ilikuwa nini. Siku zote nimesema "kazi ya milango" na nyinyi mkaridhika. Sasa nitasema.

Nyuma ya ukuta maji husimama. Yakisimama, kila kinacholetwa na mto kinatua chini: majani, magogo, udongo wa mashamba. Kinaozea kule kusikofika jua. Kinajaa polepole mpaka kinakaribia midomo ya mashine, na hapo wakubwa wanaamuru milango ya chini kabisa ifunguliwe ili matope yasukumwe nje. Sisi tuliiita siku ya matope. Kulikuwa na kipande cha reli kimetundikwa kwenye nguzo. Nilikigonga tatu, nikapumzika, nikagonga tatu tena, watu watoke mtoni. Kisha tulilizungusha lile gurudumu la kufungulia milango, watu wanne. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi na ya baridi, yakinuka kama yai bovu.

Baada ya muda samaki wakaanza kupanda juu. Walikuja midomo wazi, wakizunguka kama hawaoni, wengine ubavu, wengine tumbo juu. Ukiwa mtu wa ziwa unajua samaki anayetafuta pumzi. Miaka mingi baadaye ulirudi kutoka shule ukatueleza mezani kwamba matope yaliyooza hula hewa iliyo ndani ya maji, ukachora na kidole kwenye unga. Nilikusifu. Hukujua unanieleza nini. Shule yako ililipa jambo hilo jina, lakini jambo lenyewe nilikuwa nimelijua tangu siku ya kwanza.

Kapita alijua pia. Alinivuta pembeni. "Weye muntu ya ziwa, enda useme na bale ba kambi ya samaki. Beye banakuaminia. Sema mayi iko muzuri, samaki inalewa tu. Kesho inaamuka."

Nikaenda. Kambi ya wavuvi ilikuwa chini ya ukuta, mwendo wa saa moja. Nikawaambia samaki wamelewa. Nikawaambia waje na beseni, ni zawadi ya kampuni. Wakaja. Wake zetu nao wakaja kutoka nyumba za kampuni, na watoto, na ngoma. Kila siku ya matope ikawa sikukuu. Wewe mwenyewe ulikuwa unakimbia pale na kambale umemshika mashavuni, mkubwa kama mguu wako, unapiga kelele "Mulevi! Mulevi!" Mama yako alikausha, akatia chumvi. Tulikula samaki hao miezi miwili. Ninapokuambia haya sitaki uone vibaya kwa kula. Mtoto anakula anachopewa.

Mtu mmoja tu hakuja na beseni. Mzee Kisimba. Alikuwa amekaa juu ya jiwe na mkewe, Mama Kabange, wanatazama. Nilimfuata kwa sababu nilimpenda. Alikuwa akinipa samaki wabichi bila kuuliza kitu, na tulikuwa tukizungumza juu ya nyavu kama mtu na mdogo wake.

"Muloko," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, mdogo wake, "weye unajua samaki. Samaki inalewa mayi namna gani, na mayi njo nyumba yake?"

Nikageuka kutazama beseni za watu.

"Na kama kampuni iko na pombe ya bure mu mto, juu ya nini hatupatie shiye pia?"

Mama Kabange akacheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nikacheka nao. Nilicheka kwa sauti kubwa ili nisijibu.

Mwaka ule nyavu zilirudi na kidogo. Mwaka uliofuata na kidogo zaidi. Na si siku ya matope peke yake iliyofanya hivyo. Viwanda vikiwaka tuliachia maji mengi, vikipumzika tukafunga, basi mto ulipanda na kushuka kwa siku moja namna ambayo mto wenyewe haufanyi kwa mwezi. Samaki walitaga kwenye majani ya ukingo, jioni maji yakaondoka, na kesho yake niliyaona mayai yameganda juu ya majani, makavu kama punje za ulezi. Niliyaona kwa macho yangu, nikapita.

Hapo ndipo ninaposhuku lile hori lako. Uliniambia bahari ya kule hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na sijawahi kuiona, kwa hiyo niambie nikikosea. Lakini naona kwamba kila kinachoishi kule kimezoea saa hizo: kaa, chaza, samaki wadogo kwenye mizizi ya mikoko. Karatasi yenyewe ina mstari mmoja unaosema kuna wanawake wanaochimba chaza kwenye matope maji yakitoka. Mtu akishika mlango mkononi, saa zinakuwa zake. Maji yatabaki ndani kwa muda anaoutaka yeye ili mashine zipate nguvu. Wale wanawake watasimama ukingoni na vikapu wakingoja nani? Na matope yatatua wapi ndani ya ukuta? Na samaki wanaoingia kutaga watapita kwenye mashine au watagonga ukuta kama samaki wa mto wetu walivyougonga wetu mvua za kwanza, wakipanda kutaga? Inawezekana wahandisi hawa wana majibu. Inawezekana bahari ni kubwa kiasi cha kusamehe. Lakini karatasi ina kurasa nne, na samaki wamepewa mstari mmoja.

Wala sisemi umeme ni mbaya. Jana ulinikata vizuri uliposema, "Papa, ile kuran njo ilituleya." Ni kweli, umeme huo ndio uliowalea. Ulizaliwa chini ya taa ya hospitali iliyowashwa na mto ule, na daktari aliona anachofanya, na mama yako yu hai. Mchana mzima leo hatuna umeme nyumbani na najua vizuri kwamba tunaukosa. Nashuku tu kazi inayosema haina deni kwa mtu yeyote. Na namshuku zaidi mtu anayetumwa kwenda kuisema, kwa sababu nilikuwa mtu huyo.

Sasa nafika mahali ambapo nilitaka kukwepa.

Nyavu zilipokuwa tupu kambi nzima, za Kisimba zilikuja na samaki. Wengi hapana, lakini wazuri. Watu walianza kutazamana. Mimi nilijua sababu, aliniambia mwenyewe: aliacha mto mkubwa, akaenda kutega kwenye kijito cha pembeni kinachoingilia chini, ambacho maji yetu meusi hayakufika na ambacho hakikupanda wala kushuka kwa amri ya mtu. Alikuwa ametumia macho yake. Alikuwa ameelewa kile nilichotumwa kukificha.

Kambini wakasema amewafunga samaki wa mto mzima, anajifungulia yeye peke yake. Wakasema ana kitu ndani ya nyumba, dawa ya uchawi. Wakaita mkutano. Kapita akaniambia tuende tusikilize, kampuni haitaki fujo karibu na ukuta. Nikasimama nyuma ya watu. Kisimba alikuwa katikati, hana hata viatu, amekamata kofia yake.

"Sina kintu," alisema. "Mayi njo inaua samaki. Mayi ya barazhi." Watu wakapiga kelele. Akanitafuta kwa macho, akaniona. "Muulize uyu! Njo anafungulaka milango. Muulize!"

Watu wote wakageuka. Kapita alikuwa amesimama nyuma yangu, karibu hata nikasikia tumbaku yake. Nilifikiria nyumba ya kampuni, na shule yako, na mama yako ambaye alikuwa na mimba ya mdogo wako. Nilifikiria yote hayo upesi sana. Kusema nilitishwa ni uongo. Kapita hakufungua mdomo.

"Minye sijue kintu," nikasema.

Wakachoma nyavu zake mbele yake. Nyumba waliibomoa. Kisimba na Mama Kabange waliondoka siku ileile na godoro moja na kuku. Alipopita karibu yangu hakunitukana. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia: "Muloko, sasa utasema na nani juu ya nyavu?"

Baada ya hapo niliomba kuhamishwa nije mjini, karakana. Nyumbani nilisema ni kwa sababu ya mgongo. Miaka michache iliyopita, majirani zetu walipoambiwa si watu wa hapa na kwenda kukaa kituoni na vyombo vyao wakingoja treni, mama yako aliwapelekea maji na wewe ukabeba ndoo. Mimi nilibaki ndani. Uliniuliza kwa nini. Nikasema mgongo. Feza, mgongo wangu hauna kitu. Mtu akikubali mara moja kusema hajui, anazoea. Ukimya unakuwa kama nguo ya kazi, unaivaa asubuhi bila kutazama.

Kisimba alikufa kwa kifua. Nilipata habari kwa watu, sikwenda kwenye kilio. Mama Kabange yuko Kamatanda kwa dada yake, anauza mboga za majani karibu na wachimbaji. Nilimkuta wiki tatu zilizopita, siku niliyokwenda kutafuta mkaa wa nyumbani. Alinitambua yeye kwanza. Alinishika mikono yote miwili, akauliza habari za mama yako, akauliza kama wewe bado unakimbia. Nikamwambia umemaliza masomo, unakwenda mbali kufanya kazi. Akafurahi kweli. Akanifungia mboga, akakataa kupokea kitu.

Halafu tulikaa kidogo. Akasema, anatazama chini: "Minafikiria siku zingine. Bantu bote ba kambi habawezi kukosea. Labda Kisimba alikuwa na kintu kweli, na hakuniambiake."

Mwanangu, nilikuwa na zile mboga mapajani. Alikuwa mbele yangu, mtu aliyelala na Kisimba kitanda kimoja maisha yake yote, naye ameanza kumshuku mume aliyekwisha kuzikwa. Uongo wangu ulikuwa umemfuata mpaka huko, umeingia ndani ya nyumba yake, umekaa mahali pa Kisimba. Na mimi nikasema, "Mungu njo anajua, Mama," nikaenda zangu na mkaa wangu.

Kwa hiyo jana uliposoma kwamba wanataka mtu ambaye wavuvi watamwamini, sikusikia sifa zako. Nilisikia kwamba wamepata mdomo. Umesoma kuliko mimi mara kumi, una Kifaransa, una adabu, unawasikiliza wazee, na hayo ndiyo yanayonitia hofu. Mimi sikutumwa kambini kwa sababu nilikuwa mwongo. Nilitumwa kwa sababu nilikuwa mtu mzuri ambaye watu walimpa samaki.

Sikukatazi kwenda. Ningekukataza nikupe nini? Kulinda karakana tupu? Nenda. Huenda wakubwa wako ni watu wa haki na mimi ninawapaka matope ya watu wengine. Mtu mwenye kosa kama langu huona kosa hilo kila mahali, na hilo pia ulishuku. Unishuku hata mimi. Lakini kabla hujawasomea wale wanawake wa chaza neno lolote, nenda nao matopeni siku moja, uzame mpaka magotini, uone wanaingia saa ngapi na wanatoka saa ngapi. Uliza wahandisi ukuta kama huo umejengwa wapi pengine, na nani alikwenda kuuliza wavuvi wa huko baada ya miaka kumi. Wakijibu, wasomee jibu. Wakisema hawajui, wasomee hilo pia, kwa sauti ileile. Pengine watakuondoa kazini. Ukiondolewa, rudi, mlango upo, bukari itakuwapo hata ikiwa ndogo. Na siku mtu mmoja kati ya wale wa hori akikuelekezea kidole mbele ya watu wote na kusema muulizeni huyu, sitakuwapo, na sitajua utakalosema. Hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Nilikuwa nimalizie hapo. Nimesoma tena tangu mwanzo, na ninaona ninakuomba kwa watu usiowajua jambo ambalo mimi nimeshindwa kulifanya kwa mama mmoja ninayemjua, aliye karibu hapa.

Kesho asubuhi nitabeba mzigo wako mpaka kwenye lori. Mama yako atalia, na wewe utajifanya hulii. Lori likiondoka, mama yako atataka turudi nyumbani pamoja; nitamwambia atangulie. Mimi nitakwenda Kamatanda. Nitamkuta Mama Kabange kwenye mboga zake na nitamwambia kwamba Kisimba hakuwa na kitu. Nitamwambia kuhusu milango na matope, na kwamba nilijua siku ya mkutano, na nilijua wiki tatu zilizopita aliponifungia mboga. Anaweza kupiga kelele, na wachimbaji wa pale hawana subira siku hizi. Anaweza kunyamaza, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Akitaka kwenda kambini kusema mbele ya wale waliobaki, nitakwenda naye, nisimame katikati mahali aliposimama mumewe.

Barua hii nitaitia kwenye kitabu chako cha dini, kwa sababu najua utakifungua ukiwa umekwisha kuvuka mpaka. Ukifika hapa, mimi nitakuwa nimekwisha kusema, au nitakuwa nimeshindwa tena. Usiandike kunifariji. Niandikie uniulize tu kama nilikwenda.

Baba yako